Ndege Mdogo Kwenye Sapini ya Mama Mkwe

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa. Nauza vikwembe, yaani vitenge, sokoni Nyawera, hapa Bukavu. Sina mume, sina mtoto. Kila ifikapo Desemba, majirani wanapoanza kutafuta matawi ya sapini, ule mti wa Noeli, ya kupamba nyumba zao, mimi nafunga dirisha. Watu husema nimekuwa mpagani. Waseme! Leo nitawaeleza kwa nini, halafu mnihukumu.

Nilizaliwa Mumosho, kule karibu na mto Ruzizi. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, hata uso wake siukumbuki vizuri. Nililelewa na baba, mkulima mpole asiyejua kusuka nywele za mtoto wa kike. Kwetu Noeli ilikuwa misa, wali na kipande cha nyama, basi. Mti wa kupambwa nilikuwa nimeuona kanisani tu.

Nilipofika miaka ishirini nikaolewa na Murhula, karani wa ofisi moja ya kilimo hapa mjini. Alikuwa na sura, alikuwa na maneno, na abakosti yake, ile suti isiyo na tai, ilipigwa pasi kila asubuhi. Tuliishi kwa mama yake, katika nyumba ya matofali nyuma ya soko la Nyawera. Dada yake Furaha naye alikuwa humo. Huyo aliachwa na mumewe, akarudi kwao na watoto wake na ulimi wake.

Mama mkwe alikuwa amefundisha ushonaji kwa masista kwa miaka mingi. Mwanamke msafi, sauti ya chini, rozari mfukoni. Hakunigombeza hata siku moja. Jumapili alinikalisha kwenye mkeka akanisuka yeye mwenyewe. Mimi niliyekosa mama tangu utoto, mnadhani nilimpenda vipi? Nilimpenda kuliko hata huyo mume! Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema... lakini ni nani anayekagua nguo inayompa joto?

Sasa sikilizeni desturi ya nyumba ile, maana bila hiyo hamtaelewa msiba wangu.

Kila Noeli mama mkwe alileta sapini ndogo, akaisimamisha ndani ya ndoo iliyojaa mawe, akaipamba peke yake chumbani, mlango umefungwa. Alitandaza pamba juu ya matawi na karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. Lakini pambo kubwa lilikuwa ndege. Kila mtu wa ukoo alikuwa na ndege wake wa kitambaa, aliyeshonwa kwa kipande cha nguo yake mwenyewe. Mume na mke walikaa tawi moja. Mtoto alipozaliwa akabatizwa, alishonewa ndege mdogo, bawa moja la nguo ya baba, bawa jingine la kikwembe cha mama. Akiwekwa pale kati ya wazazi wake, basi, huyo ni mtu wa nyumba.

Ilikuwa miaka ile ambayo serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, na Noeli yenyewe imegeuzwa siku ya kazi kama Jumanne yoyote. Mama mkwe hakubishana na serikali. Lakini jioni ya mkesha, baada ya sala, alifungua kidogo tu mlango wa chumba, akasimama karibu na mti, akatuita mmoja mmoja kwa jina la ubatizo. Ukiitwa, unaingia, unatafuta ndege wako, unamgusa, unakaa. Jioni ile tu. Kesho yake tulirudi kuwa Murhula na mimi Nabintu.

Noeli yangu ya kwanza nilingoja kwenye korido nikitetemeka kama mtoto wa komunyo. Akaita, “Alfonsi!” Mume wangu akaingia. Halafu, “Veronika! Ingia, binti yangu.” Nikaingia... na pale kando ya ndege wa Murhula alikuwepo ndege mwekundu, wa kipande cha kikwembe changu cha harusi! Mama mkwe akanishika mkono akasema, “Leo njo uko wetu.”

Nililia. Tangu mama yangu azikwe, sikuwahi kusikia mtu akiniambia mimi ni wake. Neno lile lilinifunga kuliko pete.

Miaka ikaanza kupita... na tawi letu likabaki na ndege wawili.

Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili nayo ikatoka. Nilikwenda hospitali, nilikunywa dawa za miti shamba chungu hata ulimi ukafa ganzi, nilifanya novena. Kila Noeli watoto wa Furaha waliruka kwenye mti wakigusa ndege zao, naye Furaha ananitazama pembeni. Siku moja alisema mbele ya wageni, “Ng'ombe wa maskini hazai.” Wageni wakacheka. Mama mkwe akamkemea, akanimiminia chai ya moto na sukari nyingi. “Mutoto ni wa Mungu,” aliniambia. “Weye vumilia.”

Nikavumilia. Ningefanya nini?

Murhula naye akaanza safari. Ofisi ilimtuma Kalehe, alisema, kuangalia mashamba ya kahawa kando ya ziwa. Juma hili Kalehe, juma lile Kalehe. Hata siku ya Noeli alifunga mkoba! Nilipolalamika, akanicheka, akiniita mwananchi kwa Kifaransa cha serikali. “Noeli ni siku ya kazi sasa, citoyenne. Haukusikia radio?” Ningebishana vipi na radio? Jioni ya mkesha ndege wake aliguswa na mamake kwa niaba yake, nami nikakaa peke yangu chini ya tawi letu.

Nilisikia maneno sokoni, sikatai. Mama mmoja muuza maharage aliniambia wanaume wa ofisini wote wana biro ya pili, yaani mwanamke wa pembeni. Nikamjibu wa kwangu hana. Nilijibu haraka mno.

Halafu ikaja Noeli ile...

Mama mkwe aliita majina. “Alfonsi!” Mwaka ule Murhula alikuwepo. “Veronika!” Nikaingia, nikainua macho kwenye tawi letu. Katikati ya ndege wangu na ndege wa mume wangu alikuwepo ndege mdogo! Mdogo kama kidole gumba! Bawa moja nililitambua, shati la Murhula la mistari. Bawa la pili lilikuwa la bluu yenye maua meupe.

Wasomaji, mimi sikuwa na kikwembe cha bluu. Sikuwahi kuwa nacho. Na nilijua vizuri kwamba ndege wa mtoto hatundikwi kabla ya ubatizo. Haya yote niliyajua! Lakini mwenye kiu haulizi maji yametoka kisima gani. Nilijiambia: mama huyu amechoka kungoja, ameamua kumwomba Mungu kwa imani, amemweka mtoto wangu mtini kabla hajaja. Bluu ni rangi ya Bikira Maria. Si ndiyo?

Nikaanguka magotini mbele ya watu wote. Nikashika miguu ya mama mkwe nikalia, “Maman, aksanti! Aksanti ya kuniombea mutoto! Mungu atakusikia!”

Chumba kizima kikanyamaza. Furaha akaziba mdomo kwa kitambaa. Murhula akatazama viatu vyake. Shemeji mmoja akakohoa akatoka nje. Mama mkwe akaniinua kwa mikono yake miwili, akasema, “Kula, binti yangu. Chakula kitapoa.”

Nikala! Nikala na nikacheka, na nikaomba niongezwe wali. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi masikio yangu yalikuwa yamejaa furaha.

Mwaka uliofuata nilikuwa kama kichaa wa heri. Niliwaambia wanakwaya wote: mwaka huu nazaa, mama mkwe ameniombea! Nilimwambia padri. Nilimwambia hata yule muuza maharage. Kila nilipotoka Mumosho nilimletea mama mkwe kuku na ndizi, nikampigia magoti upya.

Na yeye je? Alininunulia uzi wa sufu wa manjano! Akaniambia, “Fuma tricot ya mutoto. Ya mutoto yenye anaanza kutembea, isikuwe kidogo sana. Ku ziwa kuko baridi.” Ku ziwa! Mimi nikafikiri anasema ziwa letu hili la hapa Bukavu. Nikaifuma sweta hiyo. Kila tundu nilisema Salamu Maria. Kifungo kimoja kilipotea, nikaweka cha koti langu la harusi, cheusi. Nilipomaliza, akaichukua, akaikunja vizuri, akaifungia sandukuni. “Tutaitunza,” alisema.

Sasa sikieni jinsi Mungu anavyofanya mambo yake. Mwezi wa tisa mwili wangu ukabadilika. Nikaenda dispensari kimya kimya. Ni mimba! Kweli kabisa! Kwa kuwa mimba mbili za kwanza zilitoka mapema, niliogopa kusema. Nikafunga kikwembe kwa kulegeza, nikajiambia: nitangoja Noeli. Mbele ya mti, mbele ya ndege mdogo, nitawaambia wote. Nilijua hata maneno nitakayosema. Niliyarudia nikiosha vyombo, nikicheka peke yangu. Kwa siku ile moja, Furaha atafunga mdomo!

Jioni ya mkesha nilikuwa nimepika tangu asubuhi. Sala ikaisha. Tukasimama kwenye korido, mimi na sinia la wali mikononi. Nilishangaa kidogo kuona mlango wa nyuma umefunguliwa, na sauti ya mtu nisiyemjua ndani ya chumba. Nikafikiri ni mgeni wa kanisa.

Mama mkwe akaita, “Alfonsi!” Murhula akaingia bila kunitazama.

Nikapiga hatua, maana jina langu ndilo linalofuata.

“Agnesi!”

Agnesi ni nani? Hakuna aliyetoka kwenye korido. Alikuwa tayari ndani.

“Yozefu!”

Halafu akaita Furaha na watoto wake, mmoja mmoja. Wakanipita wote. Akamaliza. Mimi nikabaki peke yangu na sinia langu... Nikangoja. Labda amesahau? Mtu anaweza kusahau, si kweli? Kisha Furaha akachungulia mlangoni akasema, “Leta chakula basi! Batu beko na njaa.”

Nikaingia kama mpishi.

Kwenye kiti kikubwa, chini ya mti, alikaa msichana mrembo, amevaa kikwembe cha bluu chenye maua meupe. Miguuni mwake alisimama mtoto wa kiume, ameshika goti la Murhula, anasema, “Papa, Papa.” Sura ilikuwa ya Murhula tupu, hakuna haja ya kuuliza. Na mwilini alikuwa amevaa tricot ya manjano... yenye kifungo kimoja cheusi.

Salamu Maria zangu zote zilikuwa zimevaliwa na mtoto yule!

Nikatazama tawi letu. Ndege wa Murhula, ndege mkubwa wa bluu, na yule mdogo kati yao. Nikamtafuta mwekundu. Nilizunguka mti kama mtu aliyepoteza ufunguo, na wote wananitazama. Furaha akacheka: “Iko nyuma, ile yenye kuangalia ukuta!”

Kweli alikuwa nyuma, chini kabisa, karibu na ndoo.

Niliweka sinia chini. Nikamuuliza mama mkwe, “Maman, kwa nini mulinidanganya?”

Hakukasirika. Laiti angekasirika! Alijibu kwa sauti ile ile aliyotumia akinisuka. “Nani alikudanganya? Unajua sheria ya hii nyumba. Ndege hatundikwe kama mutoto hajabatizwa. Na ile kikwembe ya bleu, ulikuwa nayo siku gani? Uliona yote na macho yako. Ukapiga magoti, ukasema aksanti. Miye nilisema nini? Nilisema kula.”

Nilitazama sinia langu pale sakafuni.

Akaendelea, “Nyumba ni kubwa. Agnesi ataikala hapa, mutoto akikomaa asome hapa mujini. Weye haukufukuzwa. Utamusaidia kulea. Mutoto anapenda mikono yenye upole.”

Hapo ndipo nilipotoa siri yangu, siyo kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga. Nilipiga kelele. “Niko na mimba! Maman, niko na mimba, mwezi wa ine!”

Nilidhani dunia itasimama. Furaha alicheka hata akashika ukuta. “Tangu mwaka jana iko na mimba! Quartier yote, mutaa muzima, inajua! Ata padri anajua!” Watoto wakacheka kwa sababu mama yao anacheka. Nikamgeukia Murhula. Nikamwambia agonge mlango wa dispensari kesho, aulize. Yeye, mume wangu, akamshika mtoto wa Agnesi kichwani akasema polepole, “Nabintu, usitupatishe haya mbele ya wageni.”

Mbele ya wageni!

Agnesi peke yake hakucheka. Aliniangalia tumbo, akainamisha macho. Nafikiri yeye aliona. Wanawake huona. Lakini kwa kweli angesema kwa faida gani?

Asubuhi ya Noeli, kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi, Murhula alivaa abakosti akaenda ofisini. Alinipita mlangoni nikifunga vitu vyangu, akasema tu nisisahau kuacha ufunguo. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikajitwika mzigo, nikashuka njia ya Mumosho kwa miguu, nikiteleza, nikiinuka, nikiteleza. Watu wanatoka misa ya alfajiri, wananitakia Noeli njema...

Baba alinipokea bila swali hata moja. Aliponiona tumbo, alivaa shati lake la kanisani akaenda mjini mwenyewe kuwaambia. Mzee wa watu, na fimbo yake! Hawakumvusha baraza. Alirudi jioni amelowa, akakaa kwenye moto, akanipa jibu walilompa: “Mimba ya Mumosho ibakie Mumosho.”

Haikukaa. Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, uchungu ukanishika ningali shambani. Alikuwa mtoto wa kiume. Alikuwa amekamilika vidole vyote, lakini hakulia. Baba alimfunika kwa shati lake lile la kanisani, akamzika nyuma ya nyumba. Hakubatizwa, hakupewa jina, hakuitwa na mtu yeyote. Mimi nilimwangalia mara moja tu, na wasomaji, alikuwa na paji la uso la Murhula.

Siwezi kuwaeleza mwaka uliofuata. Nililala, niliamka, nililima. Baadaye baba alifariki, ndugu wakagawana shamba, mimi nikarudi mjini kutafuta maisha. Nikaanza na vikwembe viwili vya mkopo. Leo nina meza yangu. Wateja husema nina ulimi mkali. Wangejua nilivyokuwa mpole!

Mwaka huu, mama mkwe alikuja mezani kwangu. Sikumtambua mara moja. Amekonda, anatembea akishika meza za watu. Habari zao nilikuwa nimezisikia: Agnesi aligombana na Furaha, akamchukua mwanawe akarudi Kalehe, na Murhula anakunywa mpaka analala barabarani. Mama mkwe alipapasa vikwembe vyangu kama mtu anayetaka kununua. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya chini, “Veronika... ile mimba. Ilikuwa ya kweli?”

Hata kuomba msamaha hakuomba. Alitaka kujua tu.

Ningeweza kumwambia haikuwa kweli, akaenda zake amepona. Kuna padri atasema hivyo ndivyo ningefanya. Sikufanya. Nikamtazama machoni nikamwambia, “Ilikuwa mutoto mwanaume, Maman. Alikuwa na paji ya uso ya Murhula. Tulimuzika Mumosho, na wewe hauna mujukuu mwingine mwenye atakuja.”

Akashika ukingo wa meza. Mteja alikuwa ananingoja, nikamgeukia mteja. Nilipomaliza kupima kitambaa, mama mkwe alikuwa ameshaondoka. Je, nilipata raha? Ndiyo, nilipata. Ilidumu mpaka nilipofika nyumbani.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi wadada mlioolewa kwenye nyumba za watu mkingoja mtoto: nawasihi, msipite njia yangu. Upendo wa mama mkwe ni mtamu kwa yule aliyekosa mama, na utamu huo ndio unaofunga macho. Ukifurahi mbele ya watu wako nao wakanyamaza, usiwajazie wewe maneno yaliyokosekana vinywani mwao. Simama hapo hapo uulize, hata kama sauti inatetemeka, hata kama jibu litakuua. Mimi jibu lingeniumiza mwaka ule, lakini ningejua ukweli mapema, mshtuko ule usingenipata nikiwa na mimba, mwanangu angekua tumboni kwa amani, na leo hii angekuwa na miaka ya kutosha kunibebea vikwembe hivi mpaka nyumbani.